KIHARUSI HAKINGOJI UZEE

Ndugu wafanyakazi, wengi tunadhani kiharusi ni cha wazee na wenye presha tu. Sivyo. Uko ugonjwa wa nadra uitwao moyamoya. Jina lisitudanganye: si la moyo, ni la Kijapani. Mishipa mikubwa ipelekayo damu kwenye ubongo huziba polepole, na vimishipa vyembamba huota kusaidia. Kwenye picha huonekana kama moshi. Ndiyo maana madaktari Suzuki na Takaku wa Japani waliuandika kwa jina hilo mwaka 1969. Damu isipofika, au vimishipa vikipasuka, mtu hupigwa kiharusi. Hata watoto hupata, hasa wenye selimundu wajihadhari.

Dalili ni mkono kulegea, mdomo kwenda upande, ulimi kuwa mzito. Pengine hupita baada ya dakika chache, na mtu hurudi kwenye mashine au shambani. Hapo ndipo tunapokosea. Dalili iliyopita ni onyo. Mpelekeni hospitali siku ile ile. Wapasuaji huweza kuunganisha mshipa wa ngozi ya kichwa na wa ubongo ili damu ipite.

Msimamizi asiseme ni uvivu, wala jirani asiseme amerogwa. Nanyi wajumbe wa chama, daini ruhusa ya ugonjwa na gari la kumpeleka.