Udongo ndiye mchezaji wa 12: Kutoka Knoxville na Naivasha hadi Ifakara

Shabiki wa Ifakara hahitaji kuelezwa maana ya pichi mbovu. Machi anaiona timu yake ikihangaika kwenye tope linalovua njumu mguuni. Septemba anaiona palepale ikicheza kwenye ardhi ngumu kama sakafu, yenye nyufa zinazoingia vidole. Uwanja ni uleule na magoli ni yaleyale, lakini soka linalochezwa ni la aina mbili tofauti kabisa. Winga aliyekuwa mfalme wa kiangazi, masika anageuka abiria.

Huko Marekani kuna watu ambao hali hiyo ndiyo mchezo wao wenyewe. Wanakimbiza magari kwenye uwanja wa udongo, na kabla ya kuuliza dereva gani yuko fomu, wanauliza kwanza udongo wa leo ukoje.

Yanaitwa magari ya sprinti. Ukiliona moja kwa mara ya kwanza unaweza kucheka. Ni dogo, matairi yako nje, na juu limebeba bawa kubwa mithili ya paa la kibanda cha chipsi. Halina gia za kubadilisha wala stata, linasukumwa na gari jingine ndipo liwake. Linatumia mafuta ya methanoli. Kicheko kinaisha likiunguruma. Injini yake ni V8 ya karibu lita 6.7 inayotoa nguvu za farasi zinazokaribia 900, wakati gari zima pamoja na dereva lina uzito wa kilo 635 hivi. Yaani ni jepesi kuliko IST, halafu lina nguvu ya basi zaidi ya mbili.

Nguvu hiyo yote inamwagwa kwenye udongo mtupu. Uwanja maarufu zaidi uko Knoxville, mji mdogo katika jimbo la Iowa, ambako tangu mwaka 1961 madereva wanakutana kila Agosti kumtafuta mbabe wao. Mzunguko wake ni wa nusu maili, kama mita 800, na udongo wake ni mweusi. Mzee wa shamba kutoka Kilombero angeupenda.

UDONGO UNAVYOBADILIKA USIKU MMOJA

Siri ya mchezo huu ni maji. Udongo wa mfinyanzi una chembe ndogo sana na bapa. Zikipata unyevu wa kiasi, zinashikana na tairi linapata pa kung'ata. Maji yakizidi, chembe zinateleza zenyewe kwa zenyewe na gari linaelea juu ya uji. Maji yakipungua, juu kunabaki vumbi laini lililolala kwenye ardhi ngumu, na tairi linakuwa kama linakanyaga gololi.

Hali zote hizo zinaweza kutokea usiku mmoja, kwenye uwanja mmoja. Jioni, jua linapozama, udongo bado una maji. Unanata, unashika, magari yanakwenda kwa spidi ya kutisha na matope yanaruka hadi jukwaani. Madereva wanabandika plastiki nyembamba kadhaa kwenye kioo cha helmeti, wanazibandua moja moja kila tope likijaa. Dereva anayetoka kupimwa muda mapema ndiye mwenye raha. Anayetoka mwishoni anakuta wenzake wameshaukausha uwanja kwa matairi yao. Ndiyo maana kule kura ya nani aanze inaweza kumpa mtu ubingwa au kumnyima, na hakuna anayelalamikia refa.

Baada ya mbio za mchujo, njia wanayopita wengi inaanza kung'aa na kuwa nyeusi kama sufuria ya ugali. Hapo ndipo panapoteleza zaidi. Udongo uliolegea unasukumwa na matairi kwenda nje na kujipanga karibu na ukuta kama tuta. Tuta hilo ndilo lenye unyevu uliobaki. Dereva mwenye roho ngumu anaegemeza tairi lake la nyuma la kulia kwenye tuta na kukanyaga mafuta mpaka mwisho. Akipatia, anawapita wenzake kwa nje kama winga aliyeachiwa chaki. Akikosea kidogo tu, anapanda tuta, gari linabingirika. Wapo waliopoteza maisha kwa makosa ya aina hiyo, na hili huwa halisemwi sana kwenye matangazo ya mchezo wenyewe.

Wengine wanakaa ndani, kwenye kona fupi, wakibembeleza mafuta na kusubiri mwenzao achemke. Ni kama beki mkongwe asiyekimbizana na kijana, anayejua mahali mpira utakapoangukia.

Gari lenyewe linapangwa kwa kufuata udongo. Kwa kuwa mzunguko wote ni kona za kushoto, tairi la nyuma la kulia huwa kubwa kuliko la kushoto, hivyo gari linapinda lenyewe. Udongo ukiwa na unyevu wanafunga tairi laini, ukikauka wanafunga gumu zaidi lisiliwe mapema. Lile bawa la juu dereva analisogeza akiwa kwenye mwendo. Uwanja ukianza kuteleza analirudisha nyuma, upepo ukandamize matairi ya nyuma yashike. Kwa lugha ya benchi, ni kama kocha anayebadili mfumo kila dakika 10 kwa sababu pichi inabadilika chini ya miguu ya wachezaji wake.

NAIVASHA NA WALE SABA

Afrika Mashariki haina viwanja vya namna hiyo, ila ina Safari Rally, na Safari ni darasa kubwa zaidi la udongo ambalo ukanda huu umewahi kuwa nalo. Ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi ilikimbiwa wakati wa Pasaka. Pasaka kwa huku ni masika. Waandaaji walijua wanachokifanya.

Mwaka 1963 mvua ilishuka, na katika magari yote yaliyoanza, yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Mwaka 1968 tope likarudia kazi yake, yakamaliza 7 tena. Kinachoshangaza ni kwamba mshindi alikuwa yuleyule mara zote mbili, Nick Nowicki akiwa na msoma ramani wake Paddy Cliff, kwenye Peugeot 404. Gari la kawaida kabisa, lile ambalo wazee wengi walilijua kama gari la abiria. Watu wanasema bahati, lakini bahati haichagui watu walewale mara mbili kwenye tope. Joginder Singh naye, aliyeitwa Simba, alishinda mara 3, mwaka 1965, 1974 na 1976. Timu za Ulaya zilikuja na magari makali na mafundi wengi. Wenyeji walikuja na macho yanayojua dimbwi lenye sakafu ngumu na dimbwi linalomeza.

Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, makao yake yakawa Naivasha, na udongo ukawa na sura nyingine. Bonde la Ufa pale lina vumbi la asili ya volkano, laini kama unga wa muhogo. Chini yake kuna mawe yasiyoonekana. Magari yamewahi kufungwa bomba refu la kuvutia hewa juu, kama gari linalovuka mto, ili injini isivute vumbi badala ya hewa. Mbelgiji Thierry Neuville aliongoza hadi siku ya mwisho, shokapu la nyuma likavunjika, ushindi ukaenda kwa Sébastien Ogier. Mwaka uliofuata Toyota ikachukua nafasi zote 4 za juu, Kalle Rovanperä akiwa wa kwanza.

Kwenye rali kuna jambo moja ambalo shabiki wa soka atalielewa haraka. Anayeongoza msimamo wa ubingwa ndiye anayetangulia barabarani siku ya kwanza. Inasikika kama heshima, lakini barabara ikiwa kavu ni adhabu. Yeye ndiye anayefagia changarawe na vumbi, wa nyuma yake wanapita kwenye ardhi safi inayoshika. Mvua ikinyesha mambo yanageuka. Wa kwanza anapita barabara ikiwa bado nzima, wa mwisho anakuta makorongo.

KILOMBERO UDONGO HAUNA MASIHARA

Sasa turudi bondeni. Ukitoka Kidatu kwenda Ifakara ni karibu kilomita 67, na kabla mkandarasi hajaanza kumwaga lami, njia hiyo ilikuwa rali bila saa. Chini ya milima ya Udzungwa, kuanzia Mang'ula, kuna vipande vya udongo mwekundu wenye changarawe. Hapo kiangazi timu inayosafiri kwa Fuso ilishuka wachezaji wote wakiwa na sare moja, ya vumbi. Ukishuka kuelekea bondeni unaanza kukutana na udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao mvua moja tu ya nusu saa inaufanya ujae kwenye madigadi ya bodaboda mpaka tairi linakataa kuzunguka.

Vijana wa bodaboda wa Ifakara, Lupiro na Mahenge wanaujua kuliko mhandisi yeyote. Wanajua kupunguza upepo wa tairi, kupita pembeni penye majani, na kuacha njia inayong'aa kwa sababu kinachong'aa kinateleza. Ni elimu ileile ya dereva wa Knoxville, tofauti ni kwamba nyuma ya bodaboda amekaa mama mjamzito au gunia la mchele.

Wakulima wa mpunga wanaujua pia, tena kwa faida. Udongo huo ukivurugwa ukiwa na maji unaziba, maji hayapenyi, mpunga unaota ndani ya maji. Ndiyo maana bonde hili linalisha watu wengi. Tatizo ni kwamba sifa hiyohiyo inayompa mkulima gunia ndiyo inayoua uwanja wa mpira. Wachezaji 22 wakikimbia kwenye pichi iliyolowa wanafanya kazi ya trekta shambani: wanavuruga, udongo unaziba, maji yanakaa wiki nzima. Mto Lumemo ukifurika na kuingia mjini, hata hiyo hesabu ya wiki inakufa.

Kiangazi kinapofika, zile nyayo zote zilizovurugwa zinakauka zikiwa vilevile. Uwanja unabaki na vidonda vigumu kama tofali. Hapo ndipo vifundo vya miguu vinapopinda na magoti yanapokwenda. Kijana wa miaka 17 anayetegemea kuonekana na skauti anaumia kwenye mechi ya kugombea mbuzi, na mtaani hakuna daktari wa timu. Kipa anayejirusha kwenye ardhi ile anajua bei yake. Wengi hawajirushi kabisa, halafu tunawalaumu wakifika timu kubwa kwamba hawajui kudaka chini.

Na soka lenyewe linabadilika. Kwenye ardhi kavu mpira unadunda juu na kukimbia, pasi ya chini haifiki ilikokusudiwa. Kwenye tope mpira unakwama, anayejua kupiga chenga anapoteza silaha yake, mwenye mapafu na mguu mzito anatawala. Kocha wa mtaani anafundisha mpira mrefu kwa sababu pichi haimruhusu kingine. Hata ngazi ya juu mambo hayako mbali, maana TFF imewahi kuvifungia viwanja vya Ligi Kuu kwa ubovu wa eneo la kuchezea. Timu ya Kilombero ikipanda daraja kesho bila uwanja wenye viwango, itahamishiwa mbali, pengine Jamhuri mjini Morogoro, zaidi ya kilomita 200. Shabiki wa Kiberege hataenda kila wiki.

Hapa ndipo wale Wamarekani wana la kufundisha, maana hawapandi nyasi hata moja. Wanachofanya ni kuhudumia udongo. Siku kadhaa kabla ya mbio wanaulainisha kwa haro, wanamwaga maji kidogo kidogo yaingie chini badala ya kusimama juu, wanaushindilia kwa rola lenye meno, kisha wanaulaza. Siku yenyewe magari yanapita taratibu kwanza kuubana. Wanausawazisha kwa greda ili maji ya mvua yawe na pa kukimbilia.

Boza la maji, trekta, haro, greda. Hakuna kifaa hapo ambacho hakipo bonde la Kilombero. Mashamba ya miwa yanavyo, wakandarasi wa barabara wanavyo, wenye matrekta ya mpunga wanayo ya kukodisha, na msimu wa kulima ukiisha mengi yamesimama tu. Kuinua katikati ya uwanja kidogo na kuchimba mtaro pembeni kabla ya masika ni kazi ya majembe ya vijana wa timu mbili kwa siku moja au mbili. Kumwaga maji jioni ya kuamkia mechi, kiangazi, kunapunguza vumbi na kuupa mpira mdundo wa kueleweka. Nyasi ni bora zaidi, hilo halina ubishi, lakini nyasi zinataka maji kila siku na mtu wa kuzuia ng'ombe.

Mashindano mengi ya mtaani bondeni hupamba moto mpunga ukishavunwa, watu wakiwa na hela na muda. Agosti, jua likiwa kali na ardhi ikiwa imepasuka, timu zinaingia uwanjani kama ulivyoachwa na masika. Mwezi huohuo, Knoxville, udongo mweusi wa rangi ileile unakuwa unamwagiwa maji kwa ajili ya usiku mmoja tu wa fainali.