Kusimamia Kazi Si Kumshika Mtu Mkono



Wengi wetu tunavyo nyumbani vitabu vya sala na mafundisho vilivyochakaa kwa kushikwa. Fungueni kurasa za mwanzo za baadhi ya vile vya zamani: mtakuta herufi "TMP" na jina la Tabora. Ni kifupi cha Tanganyika Mission Press, kiwanda cha uchapaji cha Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora. Huko Tabora ndiko gazeti la Kiongozi lilikoanzia mwaka 1950.

Kitabu kimoja hupita katika mikono mingi. Mtunzi huandika, mhariri husahihisha, mpanga herufi hupanga, msomaji wa prufu huwinda makosa, mchapaji huchapa, na mjalidi hushona kurasa na kubandika jalada. Kitabu cha sala hungoja pia kibali cha askofu. Katika kazi hiyo hakuna afanyaye apendavyo tu. Kwa hiyo hatulalamikii usimamizi. Bila msimamizi kazi huharibika. Tunataka kumzungumzia mkubwa wa kazi asiyeweza kuuacha mkono wa mwenzake ufanye kazi yake.

Yaliyotupata

Mahali hatutapataja. Tulikuwa wanawake wanne katika chumba kimoja, wawili tukiandika, mmoja akichora, mmoja akipanga kurasa. Wote tulikuwa mama wa watoto. Mkubwa wetu hakuwa mtu mwovu. Alijua kazi, na kila asubuhi alifika kabla yetu. Lakini karatasi alizifungia kabatini, na ufunguo aliuweka mfukoni mwake. Alisimama nyuma ya viti vyetu na kusahihisha sentensi ambayo haijafika mwisho. Kosa la mmoja alilisoma kwa sauti mbele ya wote.

Siku moja mwenzetu alichora mama akiteka maji kisimani. Aliambiwa abadilishe ndoo, kisha kitenge, kisha uso. Alichora mara sita. Mwishowe mkubwa akarudi kuichagua picha ya kwanza.

Baada ya hapo tuliacha kufikiri. Tulileta ukurasa mtupu na kuuliza, "Mzee, tuandike nini?" Yeye alituona wavivu akazidi kutubana. Nasi tulivyobanwa tulizidi kuwa wavivu.

Mambo hayo hayakuishia kazini. Jioni moja huyo mwenzetu mchoraji alifika nyumbani amechoka. Binti yake wa miaka sita akamkimbilia na daftari: alikuwa amechora mbuzi wa kijani. Mama akasema, "Mbuzi gani huyo? Futa, chora vizuri." Mtoto akafuta. Tangu siku hiyo hakumwonyesha mama yake daftari lile, alilificha chini ya godoro. Mwenzetu alipotusimulia, alilia. Alisema, "Nimesikia sauti ya mkubwa ikitoka kinywani mwangu."

Kirangozi na wapagazi

Tabora ilikua kwa misafara. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo kati ya Ujiji na Bagamoyo, katika njia ambayo pia iliona machozi mengi ya watumwa. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, mwonyesha njia. Kazi yake ilikuwa kujua njia na kutangulia. Hakurudi nyuma kushika mzigo wa kila mpagazi. Na mkuu wa msafara aliyewatesa watu wake aliweza kuamka asubuhi akute wapagazi wametoroka usiku.

Siku hizi mfanyakazi mwenye watoto wa kulisha hatoroki hivyo. Mwili wake hubaki kitini, lakini moyo umekwisha ondoka. Wazee walisema: heri kufa macho kuliko kufa moyo.

Hata Musa alihitaji kufundishwa jambo hili. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, mkwewe Yethro alimwona akiamua kila shauri peke yake tangu asubuhi hadi jioni, akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Musa alisikia. Ilipofika kazi ya hema takatifu, aliwapa Bezaleli na Oholiabu maagizo, akawaachia mafundi kazi. Sura ya 39 inasema kwamba kazi ilipokwisha Musa aliikagua, kisha akawabariki. Ndugu zetu, angalieni utaratibu huo: maagizo mwanzoni, ukaguzi mwishoni, na baraka.

Tulivyofanya

Kwanza, tulitenganisha kukosolewa na kubanwa. Aliposahihisha kwa haki tulishukuru, hata ilipouma.

Pili, tulikwenda wawili, faraghani, kwa heshima. Hatukumwambia tabia yake. Tulimpa mfano mmoja, ule wa picha sita, tukamwomba: "Mzee, tueleze mwanzoni unachotaka, utukague Jumanne na Ijumaa." Alikasirika. Baada ya wiki mbili alikubali. Ufunguo wa kabati hakuuachia. Mmoja wetu aliondoka hata hivyo, nasi hatukumlaumu.

Tatu, tulijifunza sheria. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Mzazi hupata likizo ya siku 84 yenye malipo, na anyonyeshaye hupewa hadi saa mbili kwa siku. Aliyeachishwa kazi isivyo haki anaweza kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini asichelewe: muda ni siku 30. Nayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inatambua haki ya mtunzi kutajwa kwa kazi yake.

Nasi je?

Mama mpenzi, huenda huna mkubwa wa kazi. Lakini yuko msichana anayekusaidia jikoni, na wako watoto wako. Je, humnyang'anya mwiko kabla ugali haujaiva? Je, humsemi mbele ya wageni? Barua kwa Wakolosai inawakumbusha mabwana kwamba nao wanaye Bwana mbinguni.

Mwenzetu alinunua penseli za rangi, akaketi sakafuni na binti yake. Hakusema neno juu ya daftari la zamani. Aliomba tu, "Nifundishe kuchora mbuzi wa kijani." Mtoto alimtazama kwa muda, kisha akaenda kuinua godoro.