Chembe Ndogo Yashuhudia Umri wa Mawe ya Barafu

Katika nchi ya shaba ya Katanga liko tabaka la mawe ambalo wenye elimu ya miamba huliita Grand Conglomérat. Ndani yake kokoto na mawe makubwa yamechanganyika na tope lililogeuka mwamba. Mto hupanga mchanga na mawe kwa uzito wake. Barafu haichagui, hubeba vyote pamoja na kuviacha inapoyeyuka. Kwa hiyo wataalamu wengi huona hapo kazi ya barafu kuu ya zamani.

Lakini ilikuja lini? Hapo chembe ndogo iitwayo zirkoni hutusaidia. Huzaliwa katika mwamba wa moto unaopoa. Inapojengeka hupokea urani kidogo, bali hukataa madini ya risasi. Tangu siku ile urani hugeuka risasi polepole, kwa mwendo usiobadilika: nusu ya urani-238 huhitaji miaka milioni 4,470. Basi wataalamu huponda jiwe, huosha unga wake, huchagua zirkoni kwa hadubini, na kupima urani na risasi iliyomo.

Hata hivyo tujihadhari: umri wa chembe si umri wa tabaka. Tufikiri gunia la maharagwe ya mavuno mbalimbali. Tukikuta humo maharagwe ya mwaka jana, twajua halikushonwa mwaka juzi. Lakini huenda lilishonwa jana tu. Vivyo hivyo zirkoni iliyo changa kupita zote yasema neno moja tu: tabaka hili si la kale kuliko mimi.

Kwa hiyo hutafutwa pia miamba ya volkano iliyo chini na juu ya tabaka. Tabaka letu laendelea hata Zambia, na huko miamba ya volkano iliyo chini yake ina miaka milioni 765 hivi. Barafu ilikuja baadaye. Kwa kulinganisha na nchi nyingine, wengi huiweka katika kipindi cha baridi kuu kilichoanza miaka milioni 717 hivi iliyopita, kikaisha kwenye milioni 660 hivi.

Jambo hili lina faida. Huko Kamoa, magharibi ya Kolwezi, shaba imelala katika sehemu ya chini ya tabaka hilohilo. Ajuaye mpangilio wa matabaka ajua pa kutafuta.

Basi mtoto akituuliza jiwe lina miaka mingapi, tumwulize kwanza: wataka umri wa punje, au siku gunia liliposhonwa?