Shabunda: Anayetaka kuishi kwa picha za ndoa aanzie kwenye mahari

Vijana wengi wa Shabunda, jimbo la Kivu Kusini, wana simu zinazopiga picha. Wanaolisha nyumba kwa picha hizo ni wachache, na mara nyingi sababu si bei ya kamera.

Shabunda ndiyo wilaya kubwa kuliko zote za jimbo, kilomita za mraba 25 000 na zaidi. Barabara ya kutoka Bukavu imeharibika hivi kwamba kwa miaka mingi watu na bidhaa wamepita kwa ndege ndogo. Tangu AFC/M23 ichukue uwanja wa ndege wa Kavumu na mji wa Bukavu mwezi wa Februari 2025, safari imekuwa ngumu zaidi. Shangazi aliyeko Kadutu hafiki kwenye ndoa. Anaiona kwa picha tu. Picha ikiharibika, yeye hakuwa na ndoa.

Na ndoa kwetu haina siku moja. Kuna mahari, ambayo Sheria ya Familia ya 1987 inaitaka, kuna ndoa mbele ya afisa wa serikali, kuna kanisa ao msikiti. Siku ya kanisa familia inatafuta fundi mwenye jina. Siku ya mahari anapiga picha yeyote mwenye simu, na nusu ya picha zinatoka na migongo ya watu. Anayeanza aombe siku hiyo. Aulize mapema nani ni baba wa bibi-arusi, nani ni mjomba, na mali itahesabiwa saa ngapi. Mjomba aliyekosekana kwenye picha hasahau.

Jean Depara, mzaliwa wa Angola aliyejulikana sana Kinshasa, alinunua kamera ndogo ya Adox mwaka 1950 kwa ajili ya ndoa yake mwenyewe. Hakuishi kwa picha mara moja: alitengeneza pia baiskeli na saa. Mwaka 1954 mwanamuziki Franco alimchukua kuwa mpiga picha wake. Kwa hiyo mwenye kinyozi ao kibanda cha kuchaji simu asikifunge kwa haraka.

Umeme wa kutegemea ni wa jua ao wa jenereta, basi betri mbili zijae tangu jana yake. Picha zinakiliwe usiku huohuo mahali pawili, na kadi isifutwe mpaka familia ipokee zote. Za WhatsApp zipunguzwe uzito. Zile kamili zisafiri kwenye flashi, kwa mkono wa msafiri anayeaminika.

Avansi ichukuliwe kabla ya sherehe. Karatasi ya picha inatoka mbali, na bei yake ihesabiwe kwanza: bei ya kazi ikishatajwa mbele ya wakwe, ni vigumu kuipandisha.