Zana za Umeme Katika Safari za Ndege: Mambo ya Kuzingatiwa na Vyama na Mafundi

Fundi bila zana ni mikono mitupu. Seremala wa Makoko aundaye mitumbwi kando ya Ziwa Viktoria, mwashi wa Bunda na fundi umeme wa Butiama, kila mmoja hutegemea zana zake kama mkulima ategemeavyo jembe. Apatapo kazi ya mkataba Oman, Qatar au kwingineko, hupenda kusafiri na zana alizozizoea. Lakini zana iliyonunuliwa kwa mkopo wa chama imetokana na akiba ya wanachama wote. Ikizuiwa uwanja wa ndege, deni lake halizuiwi pamoja nayo. Kwa hiyo ni wajibu wa katibu na mwanachama kuzifahamu kanuni kabla ya tiketi kukatwa.

Hatari kubwa haimo katika chombo chenyewe bali katika betri yake. Betri ya lithiamu ikipasuka, au ncha zake zikiguswa na chuma, huweza kupata joto linalozidi kupanda lenyewe mpaka iwake, na seli moja huiwasha jirani yake. Tarehe 3 Septemba 2010, ndege ya mizigo ya kampuni ya UPS, iliyopakia shehena yenye betri za lithiamu, ilishika moto baada ya kuruka kutoka Dubai. Marubani wake wawili walipoteza maisha. Tangu tarehe 1 Aprili 2016, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limekataza betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake kama shehena kupakiwa katika ndege za abiria.

Kwa abiria, kanuni zilizo muhimu ni hizi:

1. Keekee za umeme, misumeno na vyuma vyake vya kutobolea na kukatia haviruhusiwi ndani ya ndege pamoja na abiria. Hufungwa katika mizigo inayokabidhiwa shirika la ndege.

2. Betri za akiba, yaani zisizofungwa katika chombo, haziruhusiwi kabisa katika mizigo hiyo. Abiria huzichukua mkononi, ili moto ukitokea wahudumu wauone na kuuzima mapema. Kila betri ifunikwe ncha zake kwa utepe wa plastiki, au itiwe katika mfuko wake peke yake.

3. Nguvu ya betri hupimwa kwa wati-saa. Hesabu yake ni kuzidisha volti kwa ampea-saa, tarakimu ambazo huandikwa ubavuni mwa betri. Isiyozidi wati-saa 100 huruhusiwa. Iliyozidi 100 lakini haikupita 160 huhitaji idhini ya shirika la ndege, na za akiba za namna hiyo zisizidi mbili. Iliyopita 160 hairuhusiwi katika mizigo ya abiria. Kwa mfano, betri ya volti 18 na ampea-saa 5 ni wati-saa 90, nayo hupita. Ya ampea-saa 6 ni 108, nayo huombewa idhini. Ya ampea-saa 9 ni 162, na hiyo ibaki nyumbani.

4. Petroli na mitungi ya gesi ya kuchomelea haichukuliwi kamwe. Msumeno wa injini uliokwisha kutumika huweza kukataliwa hata tangi likiwa tupu, kwa sababu mvuke wa mafuta hubaki ndani.

Msafiri wa Makoko huweza kubadilisha ndege zaidi ya mara moja kabla ya kufika, na mizigo yake kukaguliwa upya. Mashirika mengine yana masharti makali kuliko haya. Yafaa kuyauliza yote mapema na kupata jibu kwa maandishi. Vilevile mwajiri aulizwe kama hutoa zana zake, na umeme wa huko ni wa namna gani. Katika maeneo ya ujenzi Uingereza, kwa mfano, zana za waya hutumia volti 110, hali umeme wa Tanzania ni volti 230.

Kwa upande wa chama, katibu aandike katika daftari la mali aina ya kila zana, namba yake na thamani yake, na mkopaji atie sahihi. Msafiri achukue nakala ya orodha hiyo pamoja na stakabadhi za ununuzi, na kabla ya kuondoka aionyeshe kwa maofisa wa forodha, ili arudipo zana zake zisidhaniwe kuwa bidhaa mpya zilizonunuliwa ng'ambo. Mkataba wa mkopo nao uonyeshe ni nani atakayelipa marejesho wakati fundi yuko mbali.

Kuuliza si ujinga. Swali moja lililoulizwa katika ofisi ya chama huweza kuiokoa zana ambayo wanachama wengi wameitolea jasho.