Sanamu ya Askari: Matini Iliyosimama Njiapanda

Kila mwaka tunapofundisha historia ya Kiswahili tunawaomba wanafunzi watuletee matini zilizoandikwa kabla ya usanifishaji. Karibu wote hukimbilia maktaba. Ni wachache wanaokumbuka kwamba matini nyingine zimesimama barabarani, zinanyeshewa na kuwakiwa na jua, na wapita njia hawana habari nazo. Katika makala haya tunakusudia kuijadili mojawapo: maandishi ya Sanamu ya Askari iliyoko katikati ya jiji la Dar es Salaam, kwenye mzunguko wa Barabara ya Samora.

Tunakiri kwamba sisi wenyewe, tulipokuwa masomoni huko kwa shahada ya uzamili, tuliipita sanamu hiyo mara nyingi tukielekea Posta na hatukuisoma hata siku moja. Tuliisoma miaka mingi baadaye, tulipowapeleka wanafunzi wetu kutoka Uganda kwenye ziara ya masomo.

Sanamu ni ya shaba nyeusi. Inamwonesha askari Mwafrika akiwa ameielekeza bunduki yenye singe upande wa bandari. Ilichongwa na Mwingereza James Alexander Stevenson, ikazinduliwa mwaka 1927, wakati Dar es Salaam ilipokuwa bado mji mdogo. Kabla yake Wajerumani walikuwa wameusimamishia mji huo sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann, mwaka 1909. Chini ya gavana alikuwapo askari Mwafrika, naye kazi yake ilikuwa kuinua macho kumtazama bwana. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliiondoa. Ilipelekwa Hamburg, na huko wanafunzi wa chuo kikuu wakaja kuiangusha mwaka 1968. Kwa hiyo askari wa 1927 ana ahueni kidogo: angalau amesimama peke yake.

Tuje kwenye lugha. Maandishi yake ni matatu: Kiingereza, Kiswahili kwa hati za Kirumi, na Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Hili la tatu ndilo linalowashangaza wanafunzi, kwa kuwa wengi wanadhani Kiswahili kimeandikwa kwa a, e, i, o, u tangu enzi. Mwaka 1927 mkutano wa Mombasa uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulikuwa haujafanyika (ulifanyika mwaka 1928), na Kamati ya Lugha ilianza kazi mwaka 1930. Msomaji wa siku zile aliweza kuwa mwana wa chuoni aliyejifunza hati za Kiarabu, au mtoto wa shule za Wajerumani aliyefundishwa hati za Kirumi. Waliosimamisha sanamu walitaka kuwafikia wote wawili.

Maudhui ni mafupi. Wanatajwa kwanza askari wenyeji wa Afrika waliopigana. Kisha wapagazi, wanaoitwa miguu na mikono ya jeshi. Kisha watu wengine wote waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918. Maneno ya kufungia yalitungwa na Rudyard Kipling. Yanamwahidi anayekufa akiipigania nchi yake kwamba wanawe hawatalisahau jina lake.

Hapo ndipo mwanafunzi wetu mmoja alipoizunguka sanamu pande zote, akarudi akauliza: "Mwalimu, hayo majina yako wapi?"

Hayapo. Hakuna hata moja. Tulijaribu kujibu kwa takwimu. Wanahistoria wanakadiria kwamba Waingereza walichukua wapagazi wapatao milioni moja katika vita hivyo vya Afrika ya Mashariki, na kwamba karibu 100,000 walikufa, wengi wao kwa malaria, kuhara damu na njaa kuliko kwa risasi. Wengi walizikwa njiani bila alama. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kukiri kwamba Waafrika waliokufa hawakutendewa sawa na Wazungu: Mzungu aliandikiwa jina lake kwenye jiwe, Mwafrika akawekwa kwenye fungu. Hata hivyo, mwanafunzi hakuwa ameuliza idadi.

Lugha imehifadhi kile ambacho jiwe halikuhifadhi. Tazama neno mpagazi. Linatokana na kitenzi pagaa, yaani kuchukua mzigo begani, na ni neno la misafara ya bara ya karne ya 19. Hamali, lenye asili ya Kiarabu, ni mtu wa bandarini na sokoni. Wanafunzi huyachukulia kuwa visawe, lakini ukibadilisha moja kwa jingine umebadilisha na mahali. Wapagazi wa vita walipata pia jina jipya kutokana na kikosi chao, Carrier Corps. Watu walilitamka kwa ulimi wao, likazaa Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Anayekwenda Kariakoo kununua vitambaa analitaja jeshi la wapagazi pasipo kujua.

Neno vita nalo lina somo lake. Umbo lake linadai upatanisho wa VI: vita vikali, vita hivi. Mbona basi tumezoea Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia? Tumelihamishia ngeli ya I-ZI na sikio limeshakubali. Tusimkate mwanafunzi alama kwa lolote kati ya haya mawili, mradi asiyachanganye katika sentensi moja.

Kuhusu majina, mfano mzuri upo. Mwezi Januari 2025 ulifunguliwa Cape Town ukumbusho wa watu weusi wa Afrika Kusini zaidi ya 1,700 waliokufa wakifanya kazi zisizo za silaha katika vita hivyo, na kila mmoja ametajwa kwa jina lake.

Wanafunzi wa mwaka wa pili wamepewa zoezi la likizo. Wakifika nyumbani wawaulize wazee: katika lugha yenu wapagazi wa vita ile waliitwaje, na je, kuna mtu wa ukoo aliyekwenda asirudi? Nchini Malawi na Zambia, kwa mfano, waliitwa tengatenga. Majibu yaandikwe kwa Kiswahili, neno la asili likitajwa kama lilivyo, na jina la mtu likipatikana liandikwe kamili. Walimu wa sekondari wanaosoma jarida hili wanakaribishwa kulifanya zoezi hilo na wanafunzi wao. Karatasi zipokelewe ofisi ya idara kabla ya wiki ya tatu ya muhula.