Nilichosema kuhusu rufaa za mauaji, na kwa nini sikifuti

Kundi letu la WhatsApp la watu wa Chitete, wilayani Momba, Tanzania, tulio nje limewaka moto, na chanzo ni mimi. Niliandika kwamba mtu aliyetiwa hatiani kwa mauaji kwa ushahidi wa kusikia tu anastahili kuachiwa na Mahakama ya Rufani, hata kama kijiji kizima kinaamini ni yeye. Nikajibiwa kwamba Uingereza imenisahaulisha uchungu wa wafiwa, na kwamba wanaoachiwa na mahakama hiyo pale Mbeya wametoa chochote. Sijasahau uchungu wa mtu. Ila mambo haya hayaelezeki kwa ujumbe wa mistari miwili, ndiyo maana nayaandika hapa kwa kirefu.

Sheria yetu ya Ushahidi, ya mwaka 1967, inataka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja. Aliyeona aje aseme alichoona. Shahidi akisimama na kusema, "Mama fulani aliniambia alimwona mshtakiwa akitoka na panga," basi aliyeona ni huyo mama, na hayupo. Hajaapa. Hajaulizwa palikuwa na mwanga gani, alisimama umbali gani, wala kama wana ugomvi wa shamba. Wakili atamhoji nani? Na sisi tuliokulia Momba tunajua habari ya kifo inavyofika kwa mwenyekiti wa kitongoji ikiwa imeshanenepa njiani, hasa pale anapotajwa mtu ambaye watu walikuwa wakimnong'ona kwa uchawi tangu zamani.

Kuna maneno ya kuambiwa yanayokubalika. Maneno ya marehemu kabla ya kufa, kuhusu kilichomfikisha hapo, hupokelewa, lakini, kama katika kesi ya Pius Jasunga ya 1954, majaji wa Afrika Mashariki wanaonya kwamba ni hatari kumtia mtu hatiani kwa maneno hayo peke yake. Hawakatai kwamba marehemu alisema kweli. Wanakumbuka kwamba aliyepigwa gizani anaweza kumtaja anayemdhania.

Kisha kuna mwenendo wa kesi yenyewe. Kwa miaka mingi, hadi sheria ilipobadilishwa 2022, jaji wa Mahakama Kuu alilazimika kusikiliza kesi ya mauaji pamoja na wazee wa baraza, na kabla hawajatoa maoni ilimbidi awaeleze mambo muhimu ya kisheria. Asipowaeleza ipasavyo, hukumu nzima ingeweza kubatilishwa. Hapo ndipo watu huona rushwa. Lakini kubatilishwa hakumaanishi mtu anaenda nyumbani siku zote: mara nyingine kesi huanza upya, ila, kama ilivyoamuliwa kwa Fatehali Manji mwaka 1966, kuanza upya kusitumike kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo yake. Na tukumbuke kinachoning'inia juu ya mtu huyo. Adhabu ya mauaji kwa sheria yetu ni kunyongwa. Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliiona inapingana na Katiba mwaka 1994, Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi wake mwaka uliofuata. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika pale Arusha, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, ilisema kuilazimisha adhabu hiyo bila jaji kuwa na hiari kunavunja haki ya kuishi.

Sasa niwaeleze la huku, ambalo linanikera kuliko yote. Hapa Uingereza, kwenye kesi kubwa kama ya mauaji, hatia haiamuliwi na jaji. Inaamuliwa na juri, watu 12 waliookotwa kwenye daftari la wapiga kura. Barua inakuja nyumbani: tarehe fulani fika mahakamani. Raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali anaweza kujiandikisha kupiga kura, kwa hiyo hata Mtanzania mwenye pasipoti yetu, akiwa ameishi hapa miaka 5 na yuko kati ya umri wa miaka 18 na 75, anaweza kuitwa kumhukumu Mwingereza. Hao 12 wanasikiliza, wanafungiwa chumbani, wanarudi, mmoja anatamka: ana hatia. Basi. Hakuna sababu. Hakuna hata mstari mmoja ulioandikwa. Wasipokubaliana wote, jaji anaweza baadaye kupokea uamuzi wa 10. Na kusimulia walichojadili mle ndani ni kosa la jinai. Tena sheria yao ya mwaka 2003 imefungua mlango mpana kwa maneno ya mashahidi wasiofika mahakamani. Kama juri imeamini uvumi, utajuaje? Jaji wetu lazima aandike sababu zake, na majaji watatu wa rufani wanazipitia pamoja na ushahidi wote. Kwa hili, kwetu ni bora, na wenzangu wa kazini wanaodhani mahakama zetu ni za chini ya mwembe nawaambia hivyo hivyo.

Binti yangu ana miaka 14. Shuleni waliigiza kesi, akawekwa kwenye juri. Alirudi amekasirika: alikuwa na sababu tatu za kusema mshtakiwa hana hatia, na hakuna aliyetaka kuzisikia. Tangu hapo tunasoma pamoja hukumu za Mahakama ya Rufani kwenye TanzLII, ambako ziko bure. Mdogo wake anataka kuwa wakili wa Jamhuri, yaani wa upande wa mashtaka, na hakubali kushindwa, wanabishana hadi chakula kinapoa. Kiswahili chao kimenyooka kwa ajili hiyo. "Mrufani" na "upande wa mashtaka" wanavitaja bila kukwama, na bibi yao kwenye simu anashangaa.

Juzi binti akaniuliza, mshtakiwa akiachiwa, aliyekufa anasemewa na nani? Nikamwambia ni wapelelezi, waliopaswa kumtafuta yule mama aliyeona na kumfikisha mahakamani aape. Mdogo wake akadakia: kama aliogopa? Hapo wakaanza tena, huyu anataka mama alindwe, yule anataka alazimishwe kuja, na mimi nikaenda kupasha wali.